Furaha ya Krismasi Haina Bei



Kila mwaka, mwezi wa Desemba ufikapo, maduka ya mijini hupambwa, nauli za mabasi hupanda, na stesheni hujaa watu wenye mizigo warudio makwao. Baba hununua mchele, nyama na nguo mpya za watoto. Mama hupika kwa ajili ya wageni hata wale ambao hawakuarifu kuwa watakuja. Mambo hayo ni mema, kwa maana sikukuu ni siku ya kula na kukaribishana. Lakini wako watu wengi ambao huimaliza siku hiyo wakiwa na tumbo lililoshiba na moyo mtupu. Kisha Januari huwakuta na deni dukani, na karo ya watoto haijalipwa. Basi yafaa kuuliza furaha ya Krismasi yapatikana wapi, na ni nani awezaye kuipata.

Jibu la kwanza limo katika habari yenyewe, kama ilivyoandikwa katika Injili ya Luka. Yusufu na Mariamu walisafiri kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwa sababu ya amri ya Kaisari Augusto kwamba watu waandikwe. Walipofika hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na mtoto alipozaliwa alilazwa katika hori la kulishia wanyama. Watu wa kwanza kupashwa habari hawakuwa wakuu wala matajiri, bali wachungaji waliokuwa wakikesha kondeni kulinda kundi lao. Malaika aliwaambia kwamba furaha ile ni ya watu wote.

Tena, baadaye wazazi hao walikwenda Yerusalemu na mtoto, kutoa sadaka Hekaluni. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Mambo ya Walawi, iliagiza mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Lakini mtu asiyeweza kumpata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili tu. Luka aitaja sadaka ya ndege wawili. Kwa hiyo yule ambaye sikukuu ni yake alizaliwa na wazazi wasioweza kununua kondoo. Mtu mwenye mfuko mwepesi asione haya siku hiyo, kwa kuwa hali yake yafanana na hali ya nyumba ile ya kwanza.

Na wachungaji walifanya nini? Walikwenda, wakaona, wakawasimulia wengine, kisha wakarudi kazini kwao wakimsifu Mungu. Kundi lilikuwa lile lile, na baridi ya usiku ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mioyo yao.

Jibu la pili latoka Italia, katika kijiji cha milimani kiitwacho Greccio. Fransisko wa Asizi alikuwa mwana wa mfanyabiashara tajiri wa vitambaa, naye aliacha mali ya baba yake akaishi maisha ya ufukara. Mwaka 1223, siku kama 15 kabla ya Krismasi, alimwomba mtu mmoja wa huko, jina lake Yohane, atayarishe hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake taabu aliyoipata mtoto yule wa Bethlehemu. Usiku ulipofika, wanaume na wanawake wa kijiji walikuja na mishumaa na mienge, mpaka msitu ukang'aa. Misa ilisomwa penye hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaiimba Injili na kuwahubiri watu. Tomaso wa Celano, mtawa aliyeandika maisha yake miaka michache baadaye, asema kwamba kila mtu alirudi nyumbani kwake akiwa na furaha.

Gharama ya usiku ule ilikuwa nini? Majani ya mifugo, mishumaa, na wanyama waliokwisha kuwako kijijini. Mwandishi huyo huyo asimulia tena kwamba Fransisko alitaka siku ya Krismasi matajiri wawashibishe maskini, ng'ombe na punda waongezewe chakula, na nafaka imwagwe njiani ili ndege nao wale. Kwake yeye, furaha iliyofungiwa ndani ya nyumba moja ilikuwa haijatimia. Wahenga nao walinena: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa na afikiriwe mtu mmoja wa siku hizi, na wako wengi kama yeye. Afanya kazi mjini, na mwaka huu mshahara umekwisha mapema. Aona aibu kwenda kwao mikono mitupu, kwa maana majirani watatazama ameleta nini. Basi akaa chumbani kwake, atuma salamu, asema kazi ni nyingi. Kule nyumbani mama yake amefagia uanja, na kila basi lisimamapo barabarani atoka kutazama. Mzee huyo hangojei sukari; amngojea mwanawe. Mtu huyo amejinyima furaha, na amemnyima mama yake pia, kwa kudhani kwamba furaha hiyo ina bei.

Na yuko mwingine ambaye amefika nyumbani na mizigo tele. Amechinja mbuzi, na watu wamejaa uanjani; lakini ndugu yake, ambaye shamba lake limepakana na lake, hakualikwa, kwa sababu ya ugomvi wa mpaka uliodumu miaka mingi. Nyama ipo, na furaha haipo. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtu akileta sadaka yake madhabahuni akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza kupatana naye. Mwendo wa kutoka mlango mmoja mpaka wa pili ni hatua chache tu, lakini pengine ndiyo safari ngumu kupita zote za mwezi wa Desemba.

Kwa sababu hiyo makanisa mengi huweka Jumapili nne za Majilio kabla ya Krismasi, ziwe wakati wa kuutengeneza moyo. Nyumba nayo yaweza kuzitumia vema. Katika juma la kwanza, baba na mama wakae pamoja, waiweke kando karo ya Januari, kisha wapange sikukuu kwa kile kilichobaki. Katika la pili, mwenye ugomvi amwendee mwenzake. Katika la tatu, atafutwe mjane, mgonjwa au mgeni asiye na jamaa karibu, aambiwe mapema kwamba sahani yake ipo. Katika la nne, watoto wasomewe habari ya Bethlehemu, nao waisimulie kwa maneno yao wenyewe.

Nyumba iliyofanya hayo itaweza kula wali au ugali, nyama au maharagwe, na mlo wake utakuwa mlo wa sikukuu. Watoto watavaa nguo mpya ikiwezekana, na kama haiwezekani, zile za zamani zikifuliwa na kupigwa pasi zatosha kwenda kanisani. Na yule aliye mjini, asiye na kitu ila nauli yake, na apande basi aende. Afikapo, amwamkie mama yake, amchotee maji, amkatie kuni, aketi naye jioni mpaka usiku uingie. Hatakuwa ameleta zawadi ndogo.