Tiba Ipo, Nauli Je?

Msikilizaji, mwanamke akishaambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi, mara nyingi yale mengine anayoelezwa na daktari hayasikii tena. Kichwani kimebaki kifo. Basi leo tuyarudie taratibu, maana ugonjwa huu una tiba, na tiba yake inajulikana.

Kabla saratani yenyewe haijaingia, mambo ni mepesi. Muuguzi hupaka siki kwenye shingo ya kizazi, akasubiri dakika moja. Penye mabadiliko hugeuka peupe. Papo hapo anaweza kupaunguza kwa kifaa cha joto, na mama akarudi nyumbani siku ileile. Anayeishi na VVU asisubiri kuambiwa akapimwe. Hatari yake ni mara sita ya mwenzake asiye na VVU.

Ikishakuwa saratani, kinachoamua tiba ni hatua iliyofikia. Ikiwa ndogo, bado imo ndani ya shingo ya kizazi, upasuaji unaweza kuimaliza. Na binti anayetaka kuzaa amwambie daktari mapema, kwani uvimbe ukiwa mdogo sana huenda kizazi kikasalimika. Lakini wengi wa mama zetu hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshatoka nje ya shingo ya kizazi. Hapo kisu hakifai. Ni mionzi, pamoja na dripu ya dawa.

Mionzi ya nje hupigwa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano. Kila siku ni dakika chache, na wakati inapigwa haiumi. Mara moja kwa wiki mgonjwa hutundikiwa dawa iitwayo sisplatini. Dawa hiyo inataka figo nzima, ndiyo maana damu inapimwa kila mara. Kisha inafuata mionzi ya ndani, na hii ndiyo inayosingiziwa mengi mitaani. Daktari hupitisha mirija ukeni hadi kwenye uvimbe, mashine ikaingiza chembe ya mionzi, ikakaa dakika kadhaa, ikarudi ndani ya mashine. Mama haondoki na mionzi mwilini. Akifika nyumbani ampakate mjukuu wake bila hofu. Madhara yapo, tusifichane: kuhara, mkojo kuchoma, hedhi kukoma, uke kubana. Ayaseme kwa daktari bila haya, asaidiwe.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao INTERLACE. Waliopewa kwanza wiki sita za kaboplatini na paklitakseli, kisha mionzi na dripu kama kawaida, 80 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Ambao hawakuanza na dawa hizo walikuwa 72. Nimefurahi sana kwa sababu hizo ni dawa za siku nyingi, madaktari wetu wanazijua.

Lakini mionzi yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane. Hapa ndipo tunapopoteza mama zetu. Wiki ya tatu damu iliyokuwa ikimtoka imekata, maumivu yamepungua, mama anajiona amepona. Huku nyumbani mahindi yanasubiri kuvunwa. Anaondoka kabla ya mionzi ya ndani, na seli zilizobaki zinaanza kuzaana upya.

Mimi sikubali kwamba huo ni ujinga. Mama aliyetoka Songea, wiki nane Dar es Salaam analala wapi? Anakula nini? Nani yuko na wanawe? Kwa maoni yangu chumba na nauli ni sehemu ya dozi, kama ilivyo sisplatini, na bima pamoja na bajeti za halmashauri zivihesabu hivyo. Tunaweza kununua mashine nyingine kumi. Kama mgonjwa hana pa kulala, zitamsaidia nusu.

Na sisi jamaa tusikae tukiingoja serikali. Kamati za harusi tunaziweza, michango inakusanywa hadi shilingi ya mwisho. Mama, dada au shangazi akipangiwa mionzi, kaeni kikao kabla hajapanda basi: chumba kwa nani, nauli ya nani, shamba analivuna nani. Na aliyekabidhiwa kumuuguza asikubali kuondoka naye mpaka daktari aseme mionzi ya ndani imekamilika.