Kinachosimamisha Pikipiki Ni Barabara
Mazungumzo na wahudumu wa bodaboda, Ukunda, kabla ya mvua za masika

  

Mimi ni afisa wa habari wa kaunti, si mwalimu wa fizikia wala askari wa trafiki. Sikuja kumtoza mtu faini. Nimekuja na hesabu moja, tuifanye pamoja.

Ukishika breki, ni nini hasa kinachosimamisha pikipiki? Wengi mtasema breki. Breki inazuia gurudumu lisizunguke, basi. Kinachokusimamisha ni msuguano kati ya tairi na lami. Msuguano ukikosekana, gurudumu litasimama na wewe utaendelea kuteleza.

Sasa hesabu. Uko barabara ya Likoni–Lungalunga, mwendo wa kilomita 36 kwa saa. Hizo ni mita 10 kila sekunde. Mtoto wa shule anachomoka mbele yako. Kabla hujashika breki, sekunde moja imepita: mita 10 zimekwisha. Tuseme lami ni kavu na breki zako ni za kawaida. Utahitaji mita 10 nyingine kusimama. Jumla mita 20.

Ongeza mwendo mara mbili, kilomita 72. Sekunde ile ya kwanza imekula mita 20. Na breki je, nazo mita 20? La, ni 40. Unachukua muda mara mbili kusimama, na muda huo wote unakwenda kasi mara mbili. Mbili kwa mbili ni nne. Jumla mita 60.

Mvua ikinyesha, tuseme msuguano umepungua nusu. Mita 20 zinakuwa 30. Mita 60 zinakuwa 100, urefu wa uwanja wa mpira. Yule mtoto hayuko mbali hivyo.

Kuna wanaosema pikipiki yenye mzigo hushika lami vizuri zaidi. Ni kweli msuguano unaongezeka, lakini uzito wa kusimamishwa nao umeongezeka vilevile. Hukupata faida yoyote, na breki zako zinapata moto zaidi.

Tena kuna mchanga wetu wa Diani. Watalii wanaupenda, lakini ukimwagika kwenye lami, chembe zake zinabingirika chini ya tairi kama punje za mahindi sakafuni. Punguza mwendo kabla ya kuufikia, usingoje uwe juu yake. Vivyo hivyo mvua ya kwanza: inachanganya vumbi na mafuta ya magari, barabara inakuwa utelezi.

Kwenye lami nzuri, tumia breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa kukaza taratibu. Ukisimama, uzito huhamia mbele, na huko ndiko tairi hushika zaidi. Gurudumu likifunga na kuburuzika, msuguano hupungua.

Abiria atakuhimiza, "Kaza mwendo, nimechelewa." Mjibu kwa hesabu. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini na kwenye vituo vya biashara. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo huo ni dakika 12. Ukienda 72, unaokoa muda usiofika hata dakika 4.

Dakika 4 hizo hazilingani na mtoto wa mtu.