Feza ya babu: tulipie jina lake?



Mama mmoja wa upande wa Beni ametuletea swali. Alipokimbia alibeba kopo la feza za chuma za babu yake. Sasa minervali ya watoto imekaribia. Mtu amemwambia kwamba moja kati yazo ni ya aina ya pekee: alipe kwanza, wataalamu wa ng'ambo wathibitishe jina la aina hiyo, ndipo auze. Alipe?

Tunasema: bado. Katika Luka 14, mwenye kutaka kujenga mnara anaketi kwanza kuhesabu gharama.

Mengine macho yake yatamwonyesha bure. Franka 1 ya miaka ya 1920, yenye kichwa cha Mfalme Albert, ilitolewa kwa namna mbili: moja imeandikwa CONGO BELGE, nyingine BELGISCH CONGO. Franka 2 ya 1943, yenye tembo na pembe sita, ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, wakati Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ile ya 1946 ni ya mviringo. Akiombwa malipo ili asomewe hayo, akatae.

Mtaalamu anahitajiwa kwa mambo madogo, kama tarakimu iliyopigwa juu ya nyingine. Kampuni kama NGC ya Florida hufanya kazi hiyo, lakini malipo ya jina huongezwa juu ya yale ya kupima hali ya feza, na bado kuna kutuma na kurudisha. Kwa wanunuzi wa dhahabu hapa Butembo mizani inasaidia kila mara, maana kila gramu ina bei. Feza ya zamani si hivyo. Jina linaweza kuwa la kweli kabisa, na mnunuzi asiongeze hata franka mia.

Basi atafute bei ambayo feza yenye jina hilo imeuzwa kweli, si bei ambayo wauzaji wanaomba tu, kisha bei ya ile ya kawaida iliyochakaa vilevile. Tuseme gharama yote ni dola 80 na tofauti ni 30: auze bila jina. Tofauti ikiwa kubwa sana, aonyeshe picha kwa wajuzi wawili wasiotaka kununua. (Na yule aliyemshauri, je, malipo yanapitia mkononi mwake? Mithali 20 inamjua mnunuzi anayedharau kitu sokoni, kisha akaenda kujisifu.)

Asizisugue kwa majivu wala mchanga. Zikingʼaa hivyo bei inaanguka. Asimwambie mnunuzi jina ambalo halijathibitishwa, aseme tu anachokiona. Na kwa kuwa ni mali ya babu, ndugu zake wajue kabla hajauza.

Shule haitangojea majibu ya Florida. Auze sasa zile za kawaida, alipe minervali, na ile moja yenye mashaka airudishe ndani ya kopo.