Viatu Vilivyo Chini ya Kitanda

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mwili. Pengine mtashangaa, kwa maana mimbarani mwili umezoea kutajwa kama adui. Lakini Paulo, alipomwandikia Timotheo waraka wa kwanza, sura ya 4, hakusema kwamba kuuzoeza mwili ni kazi bure. Alisema kuna faida kidogo, kisha akapita kwenda kwenye utauwa, wenye faida iliyo kubwa zaidi. Hiyo faida kidogo tusiidharau. Katika makanisa yetu wako wazee na akina mama ambao daktari amewaambia waziwazi: shinikizo la damu limepanda, sukari imezidi, anza kutembea. Kwao hiyo ni habari ya kuwaona wajukuu au kutowaona.

Basi wanaanza. Mwezi wa Januari ndugu ananunua viatu vya mpira. Siku ya kwanza anakimbia mpaka anatapika, siku ya pili hawezi kushuka ngazi, na kabla ya Februari kwisha viatu viko chini ya kitanda. Ukimwuliza, atasema, "Mimi nia yangu ni dhaifu." Sisi hatukubaliani naye. Nia alikuwa nayo tele, alikosa kipimo.

Mtazameni Eliud Kipchoge. Alishinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia huko Paris mwaka 2003, akiwa kijana. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg, mwaka 2013. Na tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, alimaliza mwendo ule wa kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kutoka Paris hadi Vienna ni miaka 16, naye mwalimu wake alikuwa yule yule, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Katika kambi ya Kaptagat, Kipchoge alikaa na wenzake, akaosha vyoo kwa zamu kama wao, na mazoezi yake akayaandika daftarini. Siku nyingi mbio zenyewe zilikuwa za polepole.

Magoti yetu hayaturuhusu kumfuata Kipchoge njiani. Lakini saa maalum, mwenzi wa safari na daftari, hivyo hata mzee wa kanisa anaviweza.

Kuna uchunguzi uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, au kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Jambo lilifungwa na saa iliyokuwapo tayari katika siku yao. Mtu wa katikati alihitaji siku kama 66 hata jambo lile likawa desturi. Mwepesi kuliko wote alihitaji 18, na wa mwisho ilikadiriwa angehitaji 254. Basi wewe uliyekata tamaa juma la tatu, ulitaka kuvuna mahindi yaliyokuwa yakichipuka. Tena walioruka siku moja hawakuharibu kazi yao. Kesho yake waliendelea. Mithali nayo humtambua mwenye haki kwa kuinuka kwake, ijapokuwa ameanguka mara saba.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa juma za kutembea kwa haraka au kazi nyingine kama hiyo; hata kidogo ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Mama anayelima na kuteka maji amekwisha kupita hapo, tusimsumbue. Twasema na karani, dereva, mwalimu, na sisi watumishi tunaokaribishwa chai na mandazi kila nyumba. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako. Ikiwa ibada ya maombi ni Jumatano jioni, mpitie jirani mwende kwa miguu. Ukichoka atakuuliza, na ukikawia atakungoja mlangoni. Viatu viweke karibu na mlango. Lakini wewe mwenye maumivu ya kifua, zungumza na daktari kwanza.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeumba mifupa na mishipa hii, umkumbuke ndugu aliyeacha mwezi uliopita, naye aona haya kuanza tena. Umpe mwenzi wa kutembea naye kesho asubuhi. Katika jina la Yesu. Amina.