Raha Ndogo za Majira na Baraza Iliyo Nje ya Lango Letu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wazee wa hekalu katika sherehe ya maadhimisho, Mombasa



Ni desturi katika siku kama ya leo kuhesabu yaliyojengwa na kuwataja kwa shukrani waliojenga. Wenzetu waliotangulia kusema wameifanya kazi hiyo vizuri, nasi hatuna la kuongeza. Tumepewa nafasi fupi, na tumechagua kuitumia kwa jambo linaloonekana dogo: raha zipatikanazo jikoni, dirishani na kizingitini mwa nyumba, mwaka unapogeuka kutoka majira hadi majira. Tumelichagua kwa sababu wanachama wanakabiliwa na uamuzi ambao, kwa maoni yetu, unahusu raha hizo zaidi ya unavyohusu mawe na saruji. Tutaufikia uamuzi huo baadaye. Kwanza tuufuate mwaka.

Wazee wetu walipovuka bahari kutoka Kutch na Kathiawar walikuja na kalenda yao. Kalenda hiyo huufuata mwezi, na kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu huongezewa mwezi mmoja ili isiachane na jua. Aidha huugawa mwaka katika majira sita, kila moja miezi miwili: Vasanta, Grishma, Varsha, Sharad, Hemanta na Shishira. Walipofika hapa waliwakuta wenyeji wanaohesabu mwaka kwa upepo na mvua: kaskazi, masika, kipupwe, demani na vuli. Tangu siku hiyo nyumba zetu zimeishi kwa kalenda mbili, moja ukutani na moja nje ya dirisha. Pengine hukubaliana, pengine hupingana, na nyingi katika raha zetu zimezaliwa humo.

Tuanze na kaskazi. Upepo huu ndio uliozisukuma jahazi kutoka Mandvi na Porbandar hadi Mombasa, na kusi ndio uliozirudisha. Basi si ajabu kwamba sikukuu ya kwanza ya mwaka wa jua hukubaliana na anga letu. Tarehe 14 Januari, siku ya Uttarayan, Wagujarati hupanda juu ya mapaa kurusha tiara, na siku hiyo kaskazi huwa unavuma hapa pia. Watoto wetu hawahitaji kufundishwa maana ya siku hiyo. Uzi unapowakaza vidoleni wameielewa. Huliwa vileja vya ufuta na sukari guru. Na hilo neno “guru” tunalolitamka sote mtaani bila kufikiri ni neno la Kihindi lililovuka bahari pamoja na sukari yenyewe, kama walivyovuka chapati, achari na kachumbari.

Embe, kwa upande wake, halikubaliani na kalenda ya ukutani. Kule Gujarat maembe huiva katika joto la Aprili hadi Juni, na rojo ya embe kwa puri ni chakula cha wakati huo. Hapa pwani msimu mkubwa wa embe huja Novemba na kuendelea hadi kaskazi. Wazee wetu hawakuungoja mwezi wa kwao. Walikamua embe la hapa katika majira ya hapa, na embe bichi wakalikata, wakalipaka chumvi na manjano, wakalianika juani ili liwe achari. Anayepita katika vichochoro vyetu mwezi wa Januari ataona sinia juani, na hawezi kujua kwa kuzitazama tu kama ni za Mhindu anayeandaa achari ya kulia chapati au za Mwislamu anayeandaa achari ya kulia pilau.

Joto linapofikia kilele huja Holi. Moto wake huwashwa jua linapokuchwa, na ndani yake hupitishwa nazi na tende. Mwaka 2024 na tena mwaka 2025, usiku wa moto huo uliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa kalenda ya majirani zetu Waislamu husogea takriban siku 11 kila mwaka na huyazungukia majira yote. Basi saa ile ile tuliyowasha moto ndiyo saa waliyofuturu. Tende kwetu, tende kwao. Tunapenda vijana wajue adabu iliyotunzwa na mama zetu katika jambo hili. Jirani ambaye dini yake haimruhusu kula chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya sanamu, sahani yake ilitengwa kabla ya ibada. Naye jirani, akijua kwamba sisi hatuli nyama wala yai, alituletea kaimati. Hakuna aliyeombwa kuicha imani yake ili apate kula kwa mwenzake.

Kisha huja masika. Kule Gujarat mvua husubiriwa hadi Juni. Hapa Aprili tayari mifereji imejaa. Kalenda yetu haina sikukuu kubwa ya kuipokea mvua ya mwezi huo, na pengine ndiyo sababu raha za masika ni za nyumbani kabisa. Ni mlio wa mvua juu ya mabati. Ni bhajia za viazi zinazotoka katika karai moja moja, na kila mtu amesimama jikoni akidai kwamba anasaidia. Ni chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi na iliki, na mtu aliyezuiwa na mvua kwenye kizingiti chetu akaambiwa aketi mpaka inyamaze. Wengi katika sisi tuliwafahamu majirani zetu kwa njia hiyo.

Kipupwe hutuletea ukinzani mwingine. Kuanzia Juni au Julai huanza Chaturmas, miezi minne ya saumu na ibada. Ilipoanzishwa ilikuwa miezi ya mvua za India, njia zilipojaa matope na watawa wasafirio wakatulia mahali pamoja. Hapa miezi hiyo, hasa ya mwanzo, ni ya ubaridi, ya mtu kujifunika shuka alfajiri. Tunafunga katika majira mazuri ya kusafiri. Lakini tazameni saumu zetu zilivyopata kitulizo chake: siku za kujizuia na nafaka, mezani petu huwa muhogo, kwa kuwa muhogo si nafaka. Muhogo wa kuchemsha uliokaangwa kwa jira na pilipili, ukatiwa ndimu, ni chakula ambacho mababu wa mababu zetu hawakukijua. Leo Wagujarati wenye asili ya Afrika Mashariki waishio Leicester hukiita “mogo”, na katika Kigujarati chao husema pia “sufuria” na “kisu”. Maneno yalivuka bahari kwa pande zote mbili.

Demani ndiyo majira ambayo kalenda mbili hupatana tena. Bahari hutulia, na katika Navaratri tunacheza garba usiku tisa. Mwezi mpevu unaofuata ni wa Sharad. Usiku huo bakuli la maziwa yenye mchele uliopondwa, sukari na iliki huwekwa juu ya paa chini ya mbalamwezi, kisha huliwa baridi. Ni chakula chepesi kabisa. Kinachokitukuza ni kule kukaa pamoja usiku, kutazama juu, na kutokuwa na haraka.

Mwisho wa mwaka wetu ni Divali, na Divali huangukia vuli. Kila mwaka tunapanga taa za udongo kwa samli na utambi wa pamba, na mara nyingi mvua huja kuzizima. Rangi tulizochora kizingitini huoshwa zikatiririka hadi barabarani. Watoto hulia kidogo, kisha huchora upya. Siku ya pili yake Wagujarati husalimiana kwa mwaka mpya, na hesabu mpya za biashara hufunguliwa.

Ndugu zetu, kwa nini tumeyasema haya hekaluni? Kwa sababu ibada yetu yenyewe imejengwa juu ya vitu vidogo. Bhagavad Gita, katika sura ya 9, inafundisha kwamba hata sadaka ndogo kabisa hupokewa ikitolewa kwa moyo safi. Na chakula tunachokitoa hakibaki madhabahuni. Hurudi mikononi mwetu kama prasada, nacho hugawanywa. Hakuna prasada ya mtu mmoja. Ndivyo zilivyo raha tulizozitaja. Tiara huhitaji mtu wa kushika bobota la uzi. Bhajia huhitaji mlaji anayengoja. Bakuli la Sharad likiliwa na mtu mmoja juu ya paa ni maziwa baridi tu.

Hapa ndipo tunapofikia jambo lililotusimamisha mbele yenu. Katika orodha ya wanachama wetu wako wazee wanaoishi peke yao. Watoto wao wako London, Leicester na Toronto. Ni watoto wema, hupiga simu na hutuma fedha. Wazee hao hawakosi chakula wala dawa. Wanakosa mtu wa kumwambia kwamba embe la mwaka huu si tamu kama la mwaka jana. Wanaishi ghorofani nyuma ya milango ya chuma, na majira huwapita huko juu. Saa kumi na moja jioni wachache wao wenye nguvu za kushuka ngazi huja kuketi kwenye baraza ya mawe iliyo nje ya lango la hekalu hili. Huko hukutana na majirani wanaongoja adhana, na muuza kahawa, na watoto watokao madrasa na shule. Huko mzee huulizwa hali yake, na asipoonekana kwa siku mbili kuna mtu wa kupanda ngazi kwenda kumwangalia.

Katika mkutano mkuu ujao wanachama wataombwa waamue kama baraza hiyo ivunjwe ili ipatikane nafasi ya magari. Tunataka kuwatendea haki wanaotaka ivunjwe. Hoja yao si ya anasa. Usiku wa Divali magari huziba njia, na majirani wamelalamika kwa haki. Wapo pia wazee wasioweza kutembea kutoka mbali, nao huhitaji kushushwa karibu na lango. Aidha wapo wanaohofia usalama, na hofu yao haipuuzwi.

Hata hivyo tumepima. Baraza ikivunjwa itatoa nafasi ya magari manne, labda matano. Siku za msongamano katika mwaka ni chache: Navaratri, Divali, Janmashtami na sherehe kama hii. Siku zilizobaki, ambazo ni zaidi ya mia tatu na arobaini, baraza ina watu na njia ina nafasi. Tutakuwa tumeondoa kiti cha kila siku kwa ajili ya gari la siku chache.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tunaomba yaandikwe katika ajenda. La kwanza, baraza ibaki, na sehemu mbili mbele ya lango zitengwe kwa ajili ya kuwashusha wazee na wagonjwa tu. La pili, kwa usiku wa sikukuu kubwa, kamati ikodi kiwanja kilicho karibu, na vijana waongoze magari huko. La tatu halihitaji fedha: kila Jumapili jioni familia moja ya wanachama ilete barazani birika la chai na kitu cha msimu, embe katika kaskazi, bhajia katika masika, muhogo katika kipupwe, na kijana mmoja wa familia hiyo apande ghorofani kumshusha mzee mmoja asiyeweza kushuka peke yake. Sahani ya majirani itengwe kwanza, kama mama zetu walivyofanya.

Majirani zetu, ninyi hamna kura katika mkutano wetu, lakini baraza hiyo mmeikalia muda mrefu kama sisi. Tungependa kusikia maoni yenu kabla ya siku ya kura. Mwelezeni yeyote kati yetu mtakayemkuta pale jioni.

 Chakula kiko tayari uani. Wazee watangulie, na vijana wawashike mikono kwenye ngazi. Mungu awabariki nyote.