Matumaini na Kupunguza Uzito Mjini Lubumbashi
Mjini Lubumbashi, ambako bukari, yaani ugali wa unga wa mahindi, ndiyo chakula kikuu, na ambako wengi huuona unene kuwa dalili ya neema, anayetaka kupunguza uzito hupambana na macho ya majirani pamoja na njaa yake mwenyewe, kwa kuwa anayekonda hudhaniwa upesi kuwa mgonjwa.

Matumaini yanaweza kumsaidia, lakini si ya kila aina: mwanasaikolojia Albert Bandura alifafanua mwaka 1977 imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda, ambayo si ndoto tupu; na tofauti hiyo kati ya imani na ndoto, inayosahauliwa mno, ilionekana katika utafiti wa Gabriele Oettingen na Thomas Wadden wa mwaka 1991, ambamo wanawake wanene waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi, ilhali waliojiburudisha kwa picha za ushindi akilini walipungua kidogo. Basi anayeamini kwamba ataweza, huku akikiri mapema kwamba kwenye kilio au harusi sahani yake itajazwa na mwenyeji asiyependa kukataliwa, huandaa jibu la heshima kabla hajaketi, hupunguza matonge ya bukari na kuongeza sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, isiyo na mafuta mengi, na akiteleza siku moja huendelea kesho yake bila kujilaumu.