Daftari la Uwongo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mukurweini)



Mkulima wa Mukurweini apelekapo kahawa kiwandani, hageuki nyuma wakati karani anapima. Husimama akatazama mzani. Lakini katika kazi ya mafuta, mwenye mzigo na mwenye mzani ni mtu mmoja. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yaitaka kampuni ijikague, iandike uchafu wake, kisha ipeleke taarifa kwa NEMA. Ikiandika uwongo, ni nani atakayejua?

Tuwape mfano wa Bodo, huko Nigeria. Mwaka 2008 bomba la Shell lilipasuka. Wakaaji walisema mafuta yalianza kumwagika tarehe 28 Agosti. Taarifa ya kampuni ikasema 5 Oktoba. Kampuni ikaandika mapipa 1,640 tu. Wataalamu waliotazama picha za uvujaji wakakadiria kwamba huenda yalikuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2014, kesi ikiwa mahakamani London, Shell ilikubali kwamba hesabu yake ilikuwa ndogo kuliko kweli. Mwaka 2015 ikalipa pauni milioni 55. Miaka ile yote wavuvi walikuwa wameketi bila samaki.

Ndugu, msidhani hayo ni ya mbali. Mwaka 2015 mafuta ya bomba la Kenya Pipeline yaliingia katika mto na visima vya Thange, huko Kibwezi. Watu walingoja miaka kumi. Mwaka 2025 ndipo mahakama ya Makueni ilipoamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 3. Na sisi hapa tuna matangi ya petroli chini ya ardhi, na mto Gura uendao kumwaga maji yake katika Tana. Anywaye huko chini hawezi kusoma daftari la huku juu.

Sasa tuseme lililo zito. Kalamu iliyoandika uwongo haikushikwa na mkurugenzi. Ilishikwa na mfanya kazi. Wapo miongoni mwetu waliowahi kuambiwa, "Andika namba ya mwezi jana," nao wakaandika, kwa kuwa watoto walitaka karo. Hatuwalaumu. Lakini jueni kwamba kifungu cha 139 cha sheria hiyo chahesabu taarifa ya uwongo kuwa kosa la jinai, na siku ya kesi bwana mkubwa atasema, "Sahihi si yangu."

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, andika ulichokiona, na tarehe yake, na ujiwekee nakala. Pili, ukilazimishwa kuandika lingine, usibishane peke yako. Mwite mjumbe wa chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 46, haikubali mtu afukuzwe kwa kupeleka malalamiko ya kweli. Tatu, tudai taarifa zile zisomwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yatupa haki ya kuzipata. Na kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira, hata kama yeye mwenyewe hajadhurika.

Hatusemi kampuni zifungwe. Kazi twaitaka. Twasema tu kwamba mzani uwekwe mahali ambapo sote twauona.

Umoja ni nguvu.